Ungeweza Kubeba Nini

Mjomba Hinnerk, tela lako lipo palepale
nyuma ya banda, magurudumu yamezama kidogo topeni.
Kibati chake nimekisugua kwa mate na kidole gumba
mpaka tarakimu zikajitokeza: kilo elfu moja mia tano.

Gari langu nalo lina karatasi zake:
elfu mbili mia tatu.
Nimejumlisha juu ya mfuniko wa mzinga
kwa ile penseli yako bapa ya useremala.
Elfu tatu mia nane.
Leseni yangu, ya plastiki, ndogo kama kadi ya maktaba,
inakomea elfu tatu mia tano.

Nikampigia Tammo wa shule ya udereva.
Lakini tela ni tupu, nikamwambia.
Lina kamba moja na buibui.
Akacheka kwa pua.
Sheria, akasema, haiulizi umebeba nini.
Inauliza ungeweza kubeba nini.

Siku tatu nimelala na neno hilo.

Wewe ulikuwa na kile kijitabu cha kijivu
kilichokunjwa hata kikakaribia kukatika,
na ndani yake kijana mwenye nywele za mabegani
asiyejua bado kwamba atafuga nyuki.
Walikupa mwaka sabini na tatu,
na kwa kijitabu hicho ungevuta nusu ya kijiji.
Hukuwa hodari kunishinda. Uliwahi kuzaliwa, basi.
Nami kila Agosti nilikaa kando yako nikila mkate,
nikidhani kuvuta ni kutazama mbele tu.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya Juni, saa saba nzima,
uwanja wa duka la mbao, koni za rangi ya chungwa,
mimi na wanaume wawili wenye mashua
na bibi mmoja, Frauke, aliyenunua farasi kabla ya kufikiri.
Hakuna mtihani. Kuna jasho.
Tammo anapiga kelele dirishani:
shika usukani chini! Mkono ukienda kulia, tela litakwenda kulia!
Koni ya kwanza nikailaza. Ya pili nikaipanda.
Akatufundisha kupanga: kizito kikae juu ya ekseli,
ulimi wa tela uilalie ndoana kiasi, usiielemee,
maana ukirundika nyuma, mkia ndio utakaoendesha.
Frauke akanong'ona, kama nyumbani kwangu.

Kadi mpya ilichukua wiki tano.
Nyuma yake, kwa herufi za kumtesa mzee,
tisini na sita.

Jana usiku nimeifunga milango kwa wavu,
mizinga ishirini na minne, kilo arobaini kila mmoja,
nikahesabu mara mbili, nikahesabu tena na uzito wa tela lenyewe.
Inatosha, na inabaki nafasi ya mtu mmoja na nusu.
Nikashika barabara ya Lüneburg kwa themanini,
malori yakinipita na kunitikisa,
na nyuma yangu ngurumo ile moja, nene, isiyopumua.

Karibu na Uelzen polisi wakanisimamisha.
Kijana. Akamulika kadi, akaigeuza, akasoma, akaridhika.
Umebeba nini?
Nikamwambia asogee asikilize.
Akasikiliza. Akarudi nyuma hatua nne,
akanitakia safari njema kwa heshima kubwa.

Alfajiri, nyika imegeuka zambarau mpaka kwenye misitu ya misonobari,
na pale kati ya miti miwili myeupe ulipokuwa ukiingia kinyumenyume
kwa mkono mmoja, sigara kwenye mwingine,
nimeingia mara ya tano.
Mti wa kushoto una alama mpya. Samahani.
Chini yake kuna alama ya zamani, ya kimo kilekile.
Hukuniambia kamwe.

Na kitu kimoja sikumsimulia Tammo, wala sitamsimulia:
kilomita mbili za kwanza nimeenda na breki ya mkono ya tela imekazwa.
Harufu ile! Nyuki wenyewe walinyamaza.